Mzani Mmoja: Hotuba Iliyosomwa Mgogoni



Twamshukuru Mwenyezi Mungu kuufikisha Umoja wetu miaka 10. Hatujasahau Januari 27, 2001, damu ilipomwagika Pemba na wenzetu wakakimbilia Shimoni, Kenya. Wala miaka ile jirani alipomsusia jirani duka, harusi na hata maziko kwa ajili ya chama.

Maridhiano ya Novemba 2009, yaliyothibitishwa kwa kura ya maoni ya Julai 31, 2010, yalitufungulia mlango. Kupita ni kazi yetu. Karafuu haimwulizi mchumaji chama chake, na mzani wetu ni mmoja. Basi tuchume pamoja na tuzikane. Lakini mwenye msiba asiharakishwe kusahau: kwanza asikilizwe, ndipo aombwe kusamehe.