Kwa Nini Kona ya Bomba Huzikwa kwa Zege

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakazi wa Kata ya Mnazi



Nimeombwa nizungumze juu ya utunzaji wa bomba la maji. Naomba ruhusa yenu nianze mbali kidogo, katika somo la fizikia ambalo watoto wetu wa sekondari hulikariri kwa ajili ya mtihani, pasipo kuambiwa kwamba linahusu pia ndoo iliyoko nyumbani kwao.

Mwaka 1687 Mwingereza Isaac Newton alichapisha kitabu alimoeleza kanuni tatu za mwendo. Kanuni ya tatu yasema kwamba kani haizaliwi peke yake. Siku zote huzaliwa pacha. Kitu kikikisukuma kingine, hicho cha pili nacho hukisukuma cha kwanza kwa nguvu ileile, kuelekea upande ulio kinyume. Apitaye kwenye mchanga wa korongo kavu aijua kanuni hii miguuni mwake. Unyayo husukuma ardhi nyuma, na ardhi humsukuma mtu mbele. Mchanga unapoteleza chini ya unyayo, ardhi haimjibu sawasawa, ndiyo maana mtu huchoka pale kuliko njiani.

Kuna swali ambalo wanafunzi hupenda kumtega nalo mwalimu, nami nalipenda kwa kuwa wengi hulikwepa. Ikiwa punda avuta mkokoteni, na mkokoteni nao wamvuta punda nyuma kwa nguvu ileile, mbona wote wawili huondoka? Jibu ni kwamba pacha hawa hawakai katika mwili mmoja. Mmoja yuko juu ya mkokoteni, mwingine yuko juu ya punda, kwa hiyo hawawezi kufutana. Mkokoteni huondoka kwa sababu mvuto wa punda umeushinda msuguano wa magurudumu. Punda naye huondoka kwa sababu kwato zake husukuma ardhi nyuma, na ardhi humsukuma mbele kwa nguvu kubwa kuliko ile ya mkokoteni kumrudisha. Mpelekeni punda huyohuyo kwenye utelezi wa masika. Nguvu zake hazijapungua, ila ardhi imeshindwa kumjibu.

Shikeni neno hilo la ardhi kujibu, maana ndilo litupelekalo kwenye bomba.

Sisi tuko tambarare, na milima ya Usambara iko juu yetu. Maji yashukayo kwa mserereko hayahitaji mashine. Uzito wake wenyewe ndio injini. Lakini uzito huo una gharama. Kila maji yashukapo mita 10, mgandamizo wake, au presha kama tulivyozoea kusema, huongezeka kwa takriban kilo 1 juu ya kila sentimita moja ya mraba. Tangi likiwa juu yetu kwa mita 100, na koki zote zikiwa zimefungwa, basi kila sehemu ya ukuta wa ndani wa bomba yenye ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho husukumwa kwa karibu kilo 10. Ndiyo sababu wahandisi huweka matangi ya kupunguza presha njiani mlimani: maji hupumzika kwenye tangi la wazi, kisha huanza safari upya.

Katika bomba lililonyooka msukumo huo hauna madhara makubwa. Maji husukuma ukuta wa kulia na wa kushoto sawasawa, na misukumo yote miwili iko juu ya bomba lilelile, hivyo hutulizana. Angalieni tofauti na punda: hapa mwili ni mmoja. Sasa bomba likipinda, mahali ambapo mafundi hutia elbo, ukuta wa nje wa kona huwa mpana kuliko ukuta wa ndani. Maji husukuma eneo kubwa upande wa nje na eneo dogo upande wa ndani, na kona nzima hutaka kutoka nje kama mtu anayetolewa kwa bega.

Hutaka kwa nguvu kiasi gani? Chukueni bomba lenye upana wa ndani wa sentimita 10, likiwa na kona ya nyuzi 90, chini ya tangi lile la mita 100. Hesabu hutoa zaidi ya kilo 1,100. Hayo ni magunia 11 ya kilo 100 yaliyopimwa kwa mizani, si lumbesa, yakiegemea elbo moja usiku na mchana. Wengi hudhani kwamba ni mwendo wa maji ndio unaosukuma kona. Mwendo una sehemu yake, lakini ni ndogo mno. Maji yakitembea mita 1 kwa sekunde katika bomba hilo huongeza kiasi cha kilo moja tu na kidogo. Mzigo mkubwa ni mgandamizo, nao huwa mkubwa zaidi usiku wa manane wakati koki zimefungwa na watu wamelala.

Gundi ya maungio haikuundwa kubeba magunia 11. Kwa hiyo fundi humwaga bonge la zege nyuma ya kona. Elbo husukuma zege, zege husukuma udongo ulio nyuma yake, na udongo husukuma zege kurudi. Kazi ya zege ni kuutandaza mzigo juu ya eneo pana la udongo. Anayeubeba ni udongo wenyewe, tena udongo mgumu ambao haujawahi kuchimbwa.

Basi mtu anapolima hadi kwenye zege, au anapochimba mchanga wa kujengea nyuma yake, hajaligusa bomba hata kidogo. Atasema hivyo mbele ya kikao, na atakuwa mkweli. Lakini ameondoa kile kilicholijibu bomba. Kona itasogea kidogo, ungio litafunguka, na kitongoji kizima kitarudi kuteka maji korongoni. Vivyo hivyo kwa mfereji uliofukiwa bila kushindiliwa: udongo tifutifu hujibu kama mchanga ule wa korongo.

Niongeze neno juu ya vali. Kilomita 1 ya maji katika bomba nililolitaja ina uzito wa karibu tani 8. Ukiifunga vali kwa ghafla, ni kama kulisimamisha lori kwa kiganja: vali huyasukuma maji kurudi nyuma, na maji huisukuma vali na kona zote zilizo juu yake kwa kishindo ambacho husikika kama nyundo. Fungeni taratibu, mzunguko mmoja mmoja, hata kama foleni inawapigia kelele.

Atakayeona udongo umelowa kwenye kona wakati hakuna mvua, na ampashe habari mhudumu wa chombo chetu cha watumia maji au ofisi ya kijiji, nao wawaarifu RUWASA panapohitajika. Asifukue kutafuta tundu. Anayefukua nyuma ya zege wakati bomba limejaa maji aweza kuiona elbo ikichomoka mbele ya uso wake. Vali ya juu hufungwa kwanza, maji yakatolewa, ndipo jembe hushikwa.