Nani Anashika Lango? Mabwawa Makubwa Yakitazamwa Kutoka Mpanda

Mhadhara wa umma



Mjadala wa mabwawa makubwa ya umeme barani kwetu umezoea kufanyika Addis Ababa, Kairo, Kinshasa na Dodoma. Leo naomba tuufanyie hapa Mpanda, na sababu ni ya kijiografia. Mvua inayonyesha mkoani kwetu Katavi hugawanyika njia tatu. Ile ya Mto Katuma hupita Hifadhi ya Katavi na kuishia Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na pa kutokea. Ile ya upande wa Mlele hushika Mto Ugalla, ikaungana na Malagarasi, ikaingia Ziwa Tanganyika. Ya miteremko ya Karema huingia Tanganyika moja kwa moja. Na Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea: Mto Lukuga, pale Kalemie, unaopeleka maji Lualaba, kisha Mto Kongo, na hatimaye kwenye maporomoko ya Inga. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa huishia kuwa mvuke, kwa hiyo asitokee mtu akadai kwamba Katavi ndiyo inayozungusha mitambo ya Inga. Hata hivyo tumo katika bonde la Kongo, tupende tusipende.

Kwenye maji, basi, tuko chanzoni. Kwenye umeme tumekuwa mkiani. Reli ilifika Mpanda karibu na mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, lakini kwa miongo mingi mji huu uliwaka kwa majenereta ya dizeli, nje ya Gridi ya Taifa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604 katika mkoa huu. Ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Hakuna mkoa uliokua kwa kasi hiyo nchini. Mashine za kukoboa mpunga, za kuchomelea na za kuhifadhi samaki hazikungoja gridi ndipo zihitajike.

Hoja yangu ni hii. Tunapobishana kuhusu mabwawa tunatajiana megawati, ilhali kinachogombaniwa ni lango: nani analifungua, analifungua lini, na nani anapewa taarifa kabla maji hayajamfikia. Nitaanza na ziwa letu, kwa kuwa ndilo linalosahaulika.

Wabelgiji walijenga kituo chao Karema mwaka 1879, wakati ziwa lilipokuwa limejaa kuliko watu walivyozoea. Lukuga ilikuwa imezibwa kwa matope na mimea, na muda mfupi kabla ya hapo maji yalikuwa yameanza kukivunja kile kizibo. Kufikia 1894 ziwa lilikuwa limeshuka takriban mita 10, na kituo kilichojengwa ukingoni kikajikuta kiko mbali na maji. Hakuna serikali iliyoamua hivyo. Ni mto tu uliofunguka.

Baadaye Wabelgiji waliweka banio kwenye Lukuga ili ziwa lisishuke ovyo. Banio hilo likachakaa, na kina cha ziwa kilipopungua, serikali za Tanzania na Kongo zikaanza kuzungumzia kulijenga upya. Hoja ya upande wetu ilieleweka kwa urahisi: meli zinahitaji kina, na bandari zinahitaji meli. Kisha kuanzia 2020 ziwa likapanda, na mwaka 2024 likaingia kwenye nyumba za watu Bujumbura, Uvira na Kalemie. Ghafla lile banio tulilolitaka likawa ni jambo ambalo jirani angeweza kuliogopa. Maji yale yale ambayo nahodha wa Kigoma au Karema anayahesabu kuwa neema, mkazi wa Uvira anayatoa sebuleni kwa ndoo.

Na lango lenyewe liko katika ardhi ya nchi moja, wakati ziwa ni la nne. Mkataba wa usimamizi wa Ziwa Tanganyika, uliosainiwa Dar es Salaam mwaka 2003 na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, ulizaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura. Chombo kipo. Kinachotakiwa kabla ya zege kumwagwa Lukuga ni kanuni iliyoandikwa kwa tarakimu: ziwa likifika kina fulani, lango lifunguliwe kiasi fulani, na amri itoke kwa nani. Kanuni hiyo ni vigumu kuiandika mafuriko yakishaanza, maana hapo kila mmoja anaijua tayari hasara yake.

Sasa tufuate maji ya Lukuga hadi Inga. Mitambo ya umeme ya Inga ya kwanza ilianza kazi mwaka 1972, ya pili 1982, jumla yake kama megawati 1,775. Kutoka pale serikali ya Mobutu ilivuta laini ya takriban kilomita 1,700 hadi Kolwezi, kwenye migodi ya shaba ya Katanga, jimbo lililojaribu kujitenga kati ya 1960 na 1963. Wapo waliosema, nami naona hawakukosea sana, kwamba laini ile ilikuwa pia ni kamba ya kulifunga jimbo: swichi ilibaki karibu na Kinshasa. Umeme wake husafiri kwa mkondo mnyoofu, ambao unafaa kwa masafa marefu lakini kuuteremsha njiani kunadai kituo cha gharama kubwa. Matokeo yake vijiji vingi viliishi chini ya nyaya bila taa. Mara nyingi huambiwa hilo ni bahati mbaya ya ufundi. Ni uamuzi, uliofanywa siku ilipochaguliwa aina ya laini.

Ndiyo maana laini ya msongo wa kilovolti 132 kutoka Tabora kuja kwetu haifai kutazamwa kwa urefu wake peke yake. Ni ya mkondo geu, na ina vituo vya kupoza umeme Ipole, Inyonga na Mpanda. Imechorwa iteremke. Kama inateremka mpaka kwa mwenye mashine ya kukoboa, hilo ni swali la nguzo, transfoma na bei ya kuunganishiwa, wala si la bwawa.

Bwawa tunalo. Julius Nyerere kwenye Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235, yaani 2,115. Mkataba ulisainiwa Desemba 2018, maji yakaanza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Waliolijenga ni kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric. Misri hiyohiyo ilikuwa ikigombana na Ethiopia juu ya bwawa la Abay, yaani Nile ya Buluu, megawati 5,150, lililoanza kujengwa 2011 na kuzinduliwa Septemba 2025. Sioni unafiki mkubwa hapo. Rufiji haivuki mpaka wowote, kwa hiyo Misri haikuwa na maji ya kupoteza. Kwenye Nile ni tofauti, na nchi yetu ilikwisha kusema lake mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipokataa kufungwa na makubaliano ya 1929 kuhusu maji ya mto huo yaliyoandikwa na mkoloni.

Lakini mto usiovuka mpaka nao una watu wa chini. Rufiji wanalima mlau, mashamba yanayofuata maji ya mafuriko yakishapungua, na kilimo hicho kinategemea mafuriko yaje kwa wakati wake na kwa kiasi chake. Aprili 2024 maji yalipozamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, wakazi walilinyooshea bwawa kidole; serikali ikasema bwawa lilipunguza makali ya mafuriko. Inawezekana serikali ilikuwa sahihi. Takwimu za kila siku za maji yaliyoingia na yaliyoachiwa zingemaliza ubishi ule kwa wiki moja, kama zingebandikwa kwenye ofisi ya kata.

Tukirudi Katuma, tutaona ugomvi uleule bila turbini hata moja. Juu, kuna mashamba ya mpunga ya Mwamkulu na Kakese, na wakulima wanaozuia mto kwa matuta ili maji yaingie majarubani. Chini, kuna Hifadhi ya Katavi, ambako kiangazi viboko husongamana kwenye matope kwa mamia. Dawa iliyozoeleka ni kutuma watu wabomoe matuta. Ethiopia na Misri zina mabalozi na wanasheria. Mkulima wa Kakese husikia hukumu kwa kuona tuta lake limevunjwa.

Ningependa Katuma iwe na ratiba: siku za mpunga, siku za hifadhi, kipimo cha maji kinachosomeka na mtu yeyote anayepita darajani, na kamati ambayo mkulima, mfugaji na askari wa hifadhi wanakaa meza moja mwezi Mei, kabla mto haujakauka. Kazi ya kupima inaweza kuanza na wanafunzi waliomo humu ukumbini. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kubomoa matuta kila mwaka, na tukifika Bujumbura kudai kanuni ya Lukuga tutakuwa na moja ya kwetu ya kuonyesha.

Ndugu Mwenyekiti, maswali nayapokea. Naomba waanze waliotoka Mwamkulu.