Akili Haikui Bure

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Leo naomba niwapinge kidogo. Nywele hukua bure. Akili haikui bure.

Hapa Mkuyuni, mazungumzo ya asili ya binadamu yakianza, halikosekani swali hili: kama sisi na nyani tuna asili moja, mbona nyani wa leo hawageuki kuwa watu?

Jibu linaogelea ziwani. Ziwa Victoria lilikauka miaka ipatayo 15,000 iliyopita. Lilipojaa tena, furu waligawanyika wakawa aina zipatazo 500. Wenye meno ya kuparua mwani walishiba kwenye mawe. Wenye taya za kuponda konokono walishiba kwingine. Aliyeshiba aliacha watoto, nao wakarithi meno yake. Huo ndio uteuzi wa asili aliouandika Charles Darwin mwaka 1859. Hauna ngazi ya kupanda hadi kwa binadamu. Unachagua kinacholipa mahali pale. Furu hakuhitaji akili ya mtu, na nyani naye anaishi vizuri bila hiyo.

Kwa nini basi sisi tuliihitaji? Tuangalie kwanza gharama. Ubongo wa mtu mzima ni asilimia 2 tu ya uzito wake, lakini unakula asilimia 20 ya nguvu za mwili. Kwa mtoto mdogo, sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Mzigo kama huo haubebwi bila faida.

Ushahidi hauko mbali. Vuka Serengeti uingie Ngorongoro. Nyayo za Laetoli, zilizofukuliwa mwaka 1978, zina miaka zaidi ya milioni 3.6. Wenye nyayo hizo walitembea wima, ingawa viumbe wa wakati ule walikuwa na ubongo mdogo, karibu na wa sokwe. Kumbe miguu ilitangulia, kichwa kikafuata. Kule Oldupai, fuvu la Zinjanthropus aliloliona Mary Leakey mwaka 1959 lilikuwa na ubongo usiofika nusu ya wetu. Lakini katika bonde hilo hilo zimo zana za mawe, na mifupa ya wanyama yenye alama za kukatwa kwa zana hizo. Nyama na uboho vilisaidia kulipa gharama ya ubongo.

Wataalamu bado wanabishana: ni chakula, ni moto, au ni mabadiliko ya hali ya hewa? Mimi naegemea kwa wanaosema ni maisha ya pamoja. Mvuvi wa dagaa anajua kutoka na karabai usiku wa giza, si wa mbalamwezi. Hakugundua peke yake, alifundishwa. Aliyejifunza vizuri kwa wenzake alikula, akalea, akaacha kizazi.

Kwa hiyo ubongo wa mtoto umeumbika kusubiri vitu viwili: chakula na mwalimu. Mtoto anayebeba mizigo sokoni saa za shule, tumbo tupu, amenyimwa vyote viwili. Kisha tunamwita mjinga!

Kabla hujasema mtoto fulani hana akili, uliza kwanza amekula nini leo, na nani anamfundisha.