Sili Haifi Bure

Msikilizaji, kwenye kijiwe chochote cha bodaboda tazama shokapu za mbele za pikipiki zilizokula miaka barabarani. Pale lile bomba linalong'aa linapozama ndani ya mguu wa shokapu, mara nyingi utaona pete nyeusi ya oili iliyochanganyika na vumbi. Wakati mwingine mchirizi umeshuka mpaka kwenye ekseli. Dereva anajua. Asubuhi kapitisha kitambaa, kafuta, kaingia kazini. Jioni pete imerudi.

Maoni yangu leo ni haya: shokapu inayovuja ihesabiwe kuwa ubovu wa breki, na itengenezwe kwa haraka ileile tunayoikimbilia breki iliyokatika.

Nieleze kwa nini. Ndani ya kila mguu wa shokapu mna springi na oili. Springi inabeba uzito. Oili inapita kwenye matundu madogo na kuituliza springi isirukeruke. Mpango huu ni wa siku nyingi. Mwaka 1935 kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitoa pikipiki ya R12 yenye shokapu za mbele zinazotulizwa kwa oili, na hadi leo pikipiki nyingi za kazi zinafuata kanuni hiyohiyo. Kinachozuia oili isitoke ni sili: pete ya mpira yenye midomo myembamba inayolikumbatia bomba pande zote.

Oili ikipungua, springi inabaki peke yake. Kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi, gurudumu la mbele linadundadunda, na tairi lililo hewani halishiki breki. Ukifunga breki ghafla, uzito wote unakimbilia mbele na shokapu inazama mara moja mpaka mwisho. Kwa pikipiki yenye breki ya diski kuna hatari ya pili. Oili inachuruzika hadi kwenye diski na kulowesha pedi. Pedi iliyokunywa oili haioshwi ikapona, inabadilishwa. Abiria aliye nyuma, na mtoto aliyepakatwa katikati, hawajui lolote kati ya hayo.

Sasa niseme na mafundi. Sili haifi bure. Kuna kilichoiua, na kisipotafutwa kitaiua na ile mpya. Mara nyingi ni tope la masika lililokaukia kwenye bomba, likawa linasugua mpira kila gurudumu linapopanda na kushuka. Au ni jiwe lililoruka likaacha alama kwenye kromu. Au ni kutu. Au bomba limepinda tangu pikipiki ilipoanguka. Au mpira wenyewe umezeeka na kukakamaa. Kumbadilishia mteja sili bila kukagua bomba ni kumuuzia kazi ileile mara mbili.

Kabla ya kufungua chochote, anza na usafi. Kipandishe juu kile kifuniko cha kuzuia vumbi, chukua kipande cha plastiki nyembamba na laini, kama filamu ya kamera za zamani, kiingize kati ya sili na bomba, kisha kizungushe. Kikitoka na uchafu mweusi, kifute na urudie. Huenda ni chembe ya mchanga tu iliyonasa kwenye mdomo wa sili, na kuvuja kukakoma hapohapo.

Kusipokoma, shokapu ifunguliwe. Kifuniko cha juu kifunguliwe taratibu, maana springi iliyo chini yake imebanwa. Bomba likishatoka na kufutwa, pitisha ukucha juu yake toka mwanzo hadi mwisho. Ukucha ukikwama, umempata mwizi wa oili. Alama ndogo iliyoinuka husawazishwa kwa msasa laini sana uliolowekwa oili. Kutu iliyokula kromu na kuacha mashimo haina dawa ya msasa. Bomba hilo libadilishwe au lipakwe kromu upya. Kisha liviringishe juu ya kioo. Lililopinda litaonyesha mwanga chini yake.

Wakati wa kurudisha, funika ncha ya bomba kwa mfuko wa plastiki uliopakwa oili ili makali yake yasichane mdomo wa sili mpya. Sili isigongwe kwa bisibisi upande mmoja mmoja. Isukumwe sawasawa kwa kipande cha bomba kinachoienea, mpaka ikae. Zibadilishwe za miguu yote miwili, na oili ipimwe kwa kipimo, kiasi kilekile kila upande, aina iliyotajwa na mtengenezaji. Oili ikizidi, hewa iliyobaki juu inabanwa kupita kiasi na kuisukuma sili itoke.

Yote haya fundi mzuri anayaweza chini ya mwembe, bila mashine ya gharama. Kwa nini basi shokapu zinaendelea kuvuja? Kwa sababu ya hesabu. Dereva anampelekea mwenye pikipiki hesabu ya kila siku, na makubaliano yao husema matengenezo madogo ni ya dereva, makubwa ni ya tajiri. Sili iko wapi? Dereva anasema ni kubwa, kwa kuwa shokapu inafumuliwa na siku ya kazi inapotea. Tajiri anasema ni kampira tu. Wakivutana hivyo, kitambaa kinaendelea kufuta.

Napendekeza mkataba uandike wazi: shokapu za mbele ziwekwe fungu moja na breki na tairi, na gharama iwe ya mwenye pikipiki, pamoja na kusamehe hesabu ya siku ile ya gereji. Kazi ya dereva iwe kuosha tope kwenye bomba kila jioni kabla halijakauka, na kutoa taarifa siku ya kwanza anapoona pete.

Kuitambua si kazi. Futa bomba liwe kavu, shika breki ya mbele, kandamiza usukani mara kadhaa, kisha angalia. Unyevu mwembamba sana ni kawaida. Pete nene au tone ni kazi ya fundi. Viongozi wa vijiwe mnaweza kulifanya jambo hili kwa kila chombo kabla ya safari ya kwanza, na chombo kinachovuja kisipewe abiria mpaka kitengenezwe. Abiria analipa nauli afike. Kukagua shokapu ni wajibu wetu sisi tunaoipokea nauli hiyo na sisi tunaomiliki chombo.