Siku ya kuacha kazi anachagua nani?
(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, Kambove)



Kila tukipita kwa wanachama tunaulizwaka hili: "Shemeji yangu amepiga simu kutoka Kolwezi, kule wanalipa vizuri. Niache kazi niende?"

Hapa Kambove mutu hawezi kujibu bila kukumbuka 2003. Mwaka ule wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka katika mupango ulioitwa wa kutoka kwa hiari, na feza za Benki ya Dunia. Hiari! Mutu amekaa miezi na miezi bila mushahara, deni dukani linapanda, unamuwekea karatasi na kalamu: atachagua nini? Na kazi ile haikuwa mushahara tu. Ilikuwa nyumba, posho, hospitali, shule ya watoto. Wengi walipokea feza mara moja, ikaisha.

Hatusemi mubaki. Mutu ana haki ya kutoka, hata mukubwa wake akikasirika. Lakini atoke akijua kontra yake. Sheria ya Kazi ya 2002 inasema, kwa kontra isiyo na mwisho, mwajiri akikutoa anakupa taarifa ya siku 14 za kazi, anaongeza 7 kwa kila mwaka uliomaliza. Wewe ukitoka, yako ni nusu. Kwa miaka 4: yeye siku 42, wewe 21. Kontra yenye tarehe ya mwisho ni ingine. Ukiivunja katikati unaweza kudaiwa.

Na ninyi wa siku kwa siku, njo wengi hapa: ukifanya siku 22 ndani ya miezi 2, wakikuita tena mbele ya miezi hiyo kuisha, sheria inakuhesabu kuwa na kontra isiyo na mwisho. Andika siku zako kwenye daftari. Tulimsindikiza mama mmoja kwa mukaguzi wa kazi. Daftari njo lilimusemea, karatasi ingine hakuwa nayo.

Ukitoka, dai pia cheti cha kazi chenye tarehe zako. Bila hicho, Kolwezi watakuhesabu mupya.

Marafiki wafadhili, feza ya kasha munayotuma inalisha nyumba kati ya kazi mbili, ili mutu asisaini sababu ya njaa. Wanachama, leteni kontra zenu tuzisome pamoja mbele ya kumujibu shemeji.