Damu Haikusema Yote

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Mmenitaka niseme machache juu ya kazi yangu ya maabara. Nitaanza na kosa langu. Miaka mingi iliyopita alinijia mwenzetu mmoja tuliyelala naye bweni moja. Usingizi ulikuwa umempotea, chakula hakikumpendeza, na kazi aliyoipenda ilimchosha kabla hajaianza. Nilimpima malaria, wingi wa damu, sukari na homoni za tezi ya shingo. Vyote vilikuwa sawa. Nikamkabidhi karatasi ya majibu, nikamwambia, "Nenda nyumbani, huna ugonjwa." Kumbe alikuwa nao: sonona.

Ndugu zangu, wataalamu wameitafuta alama ya sonona katika damu kwa muda mrefu. Mwaka 1981 Bernard Carroll na wenzake, huko Michigan, Marekani, walieleza kipimo kimoja. Mgonjwa humeza miligramu 1 ya deksamethasoni saa tano usiku. Kesho yake hupimwa kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo. Kwa kawaida dawa hiyo huishusha homoni hiyo, lakini kwa wengi wenye sonona kali haikushuka. Matumaini yalikuwa makubwa. Baadaye ikaonekana kwamba wagonjwa wengi hushuka kama watu wazima wa afya, na kwamba kukonda, pombe na maradhi mengine huweza kuizuia isishuke.

Wengine wakatazama protini iitwayo CRP, ambayo ini huitoa kwa wingi mwili unapopambana na maambukizo au uvimbe wa ndani. Baadhi ya wenye sonona wanayo nyingi, wengine hawana. Mwaka 2013 Charles Raison na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 60 waliopewa ama infliximab, dawa ya baridi yabisi, ama dawa bandia. Kwa jumla hapakuwa na tofauti, ila waliokuwa na CRP ya juu walielekea kupata nafuu zaidi. Huenda siku moja damu ikatusaidia kumchagulia mgonjwa dawa.

Lakini mpaka leo hakuna kipimo cha damu kinachotosha kuitambua sonona. Tunapima ili tujue kama kuna jambo jingine, maana upungufu wa damu na tezi iliyolegea nazo huchosha. Sonona yenyewe hutambuliwa kwa kumwuliza mtu na kumsikiliza: usingizi, hamu ya kula, furaha, kujiona hufai, kutamani kufa, kwa muda wa majuma mawili au zaidi.

Mwenzetu yule alimpata tabibu aliyemwuliza hayo, akatibiwa, akapona. Yumo humu ukumbini, na kwa ruhusa yake nasema. Nilipomwomba radhi alinieleza kwamba karatasi yangu ilimwumiza kuliko ugonjwa, kwa kuwa nyumbani waliishika mkononi wakimwambia anadeka.

Wadogo zetu, mwenzenu wa bwenini akiacha kula na kucheza, msingoje majibu ya maabara. Mwulizeni, kisha mfikisheni kwa mwalimu au tabibu. Akisema anataka kufa, msimwache peke yake hata kidogo.