Kodi ya Wakubwa na Mfuko wa Mdogo

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika kumi, nami nitajitahidi nisizimalize, maana harufu ya pilau imekwisha kufika hapa mbele. Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu. Kazi yangu ni mishahara ya watumishi wa umma. Basi nitajibu swali ninaloulizwa kila bajeti ya Juni inapokaribia: wenye mishahara mikubwa wakiongezewa kodi, mfanyakazi wa chini anapata nini?

Naomba nianzie bwaloni. Wa enzi zangu mtakumbuka kwamba siku ya nyama kiranja alipewa vipande viwili, sisi wengine kimoja. Tulinung'unika mpaka ikaamriwa kila mtu ale kimoja. Tulishangilia sana. Haikupita muda tukagundua kwamba viranja wanapitia jikoni kabla ya kengele, eti "kuonja chumvi". Sufuria ilikuwa ile ile. Vipande vyetu havikuongezeka. Vilizidi kuwa vidogo.

Sasa tuje kwenye tarakimu. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza za mshahara wa mwezi hazitozwi kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, kisha hadi 760,000 ni asilimia 20, kisha hadi 1,000,000 ni asilimia 25. Kinachozidi milioni moja hukatwa asilimia 30, na ngazi inaishia hapo. Mwalimu mkongwe wa milioni moja na laki mbili, na mkurugenzi wa milioni kumi, shilingi yao ya mwisho inakatwa sawasawa.

Julai 2025 kima cha chini cha mshahara serikalini kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000. Ni jambo la kushukuru. Lakini ile 270,000 haikusogea. Tukiweka kando makato ya pensheni, mfanyakazi huyo alikuwa akilipa kodi ya shilingi 8,000 kwa mwezi. Baada ya nyongeza ikawa 18,400.

Tuchukue mfano tu, si pendekezo la mtu yeyote. Tuseme kila kinachozidi milioni tano kitozwe asilimia 35. Mwenye milioni kumi ataongeza 250,000 kwa mwezi. Fedha hizo zinatosha kufuta kodi ya wafanyakazi 13 wa kima cha chini, na chenji ikabaki. Ni kweli kwamba wakubwa ni wachache na wadogo ni wengi, kwa hiyo nafuu haitawaenea wote. Lakini asitokee mtu akasema huko juu hakuna kitu.

Taabu ni njia ya kutoka huko juu mpaka chini. Wako wakubwa ambao mikataba yao hutaja fedha ya kupokea mkononi. Kodi ikipanda, mwajiri ndiye anayejaza pengo, naye huweza kulijaza kwa kuahirisha nyongeza ya mfagizi na mlinzi. Hapo kodi imeandikwa kwa jina la mkubwa, lakini imelipwa na mdogo.

Majirani zetu wametupa mafunzo mawili. Uganda, mwaka 2012, walitoza asilimia 10 zaidi juu ya kinachozidi shilingi zao milioni 10 kwa mwezi, ikawa asilimia 40. Papo hapo walipandisha kiwango kisichotozwa kodi kutoka 130,000 hadi 235,000. Mdogo aliiona nafuu kwenye hati yake ya mshahara. Lakini mwaka 2016 Bunge lao likapitisha sheria ya kuziondolea kodi posho za wabunge wenyewe. Ndiyo ile chumvi ya jikoni.

Kenya, mwaka 2023, waliongeza ngazi mbili za juu, asilimia 32.5 na 35. Lakini sheria hiyo hiyo ilileta ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 kwa kila mwenye mshahara, na kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ikapanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Mkubwa alikatwa, na mdogo naye akakatwa, kwenye mshahara na kwenye nauli.

Ndugu zangu, tusicheke ya majirani. Mdogo wangu, tumbo moja, anafanya kazi kiwandani Morogoro. Mwezi mmoja alifanya kazi za saa za ziada usiku hadi usiku, mapato yake yakavuka 520,000, na shilingi zake za mwisho zikakatwa asilimia 20. Akanionyesha hati yake akaniuliza, "Kaka, wewe ndiye mtu wa mishahara. Hivi nanyi mnakatwa hivi?"

Sikumjibu upesi. Mwezi ule nami nilikuwa nimelipwa posho ya kazi za ziada, na haikukatwa hata senti moja. Sheria yetu ya kodi ya mapato ya mwaka 2004 inaziacha nje posho za nyumba, usafiri, madaraka na kazi za ziada za mtumishi wa Serikali. Za mfanyakazi wa kiwandani haiziachi. Sikuvunja sheria yoyote, lakini nilikunja hati yangu nikaitia mfukoni.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kupandisha kodi ya wakubwa peke yake hakumshibishi mdogo. Kutamfaa kama sheria hiyo hiyo itakisogeza juu kiwango kisichotozwa kodi, na kama posho zetu zitahesabiwa kuwa mapato kama yalivyo mapato ya mdogo wangu. Bila hayo tutakuwa tumebadilisha idadi ya vipande mezani, na mlango wa jikoni tumeuacha wazi.

Najua wengi humu ukumbini mko ngazi ya juu, nami posho hizo ninazila. Ndiyo maana nimeona afadhali nianze kulisema mimi.